Kuweka linki ya saiti ya mtu bila kumuomba ruhusa: mwongozo kamili kwa sisi wa saiti ndogo ndogo

Juzi mama mmoja mwenye hoteli ya samaki huko Dunga, Kisumu, aliniita nimalizie saiti yake. Alikuwa anataka ukurasa mmoja wa kuelekeza wageni: vijana wa boti wanaopeleka watu kuona viboko, gazeti lililowahi kuandika kuhusu hoteli za ufuoni, ramani ya kufika kutoka mjini, na hali ya hewa ya ziwa. Nikaanza kupanga linki moja moja, akanishika mkono. "Mwanangu, hawa watu umewauliza? Mimi sitaki kupelekwa kotini juu ya samaki."

Nikamwambia mama, mgeni akishuka hapa akuulize boti ziko wapi, si unanyoosha tu kidole? Unampigia mwenye boti simu kwanza? Akacheka lakini hakuridhika, na ukweli ni kwamba hakukosea kuuliza, juu kuna vitu watu wanaita linki na si linki kabisa, na hapo ndio shida huanza. Nimetengenezea watu saiti Kisumu na Kakamega miaka kadhaa sasa na hili swali linakuja kila mara, kutoka kwa walimu, makanisa, vijana wa vikundi, basi wacha niandike yote mara moja, nikiulizwa tena natuma tu hii.

Jibu lenyewe kwanza ndio usisome yote ukiwa na wasiwasi. Linki ya kawaida, ile mtu anabofya inampeleka kwa saiti ya mwenyewe, haihitaji ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki hapa Kenya, ya 2001, hata baada ya kurekebishwa 2019, inakataza kunakili kazi ya mtu, kuisambaza, kuipeleka kwa umma bila idhini yake, lakini haina kifungu kinachosema uombe ruhusa ndio utaje mahali kazi hiyo iko. Na linki ni anwani tu. Hata Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti 1989 akiwa kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, aliandika 1997 kwamba kutaja kitu ni sehemu ya uhuru wa kusema, na kukitaja kwa linki kunarahisisha tu kazi, hakubadilishi kitu kingine. Yeye ndiye alijenga hii nyumba, sasa sijui ni nani anajua milango yake kumshinda.

Lakini sasa fuata hizi hatua, juu kila moja iko na mahali watu huteleza.

Hatua ya 1: hakikisha hiyo yako ni linki kweli

Hapa nitakaa kidogo, maana kesi nyingi ninazoona ni za hapa. Fungua ukurasa wako kama mgeni, kwa simu ya mtu mwingine ikiwezekana, ubofye hiyo kitu halafu uangalie juu kwa brauza: anwani imebadilika ikawa ya mwenyewe? Kama imebadilika, hiyo ni linki. Kama anwani bado ni yako na kazi ya mtu inaonekana ndani ya ukurasa wako, wewe hujaelekeza mtu, umebeba.

Kubeba kuko na sura tatu. Ya kwanza ni kupakua faili ya mtu na kuipandisha kwa saiti yako, mfano fomu ya basari, ratiba ya chuo, makala ya gazeti, halafu unaandika "chanzo" chini ukidhani umemaliza. Hujamaliza. Umenakili, na kutaja chanzo peke yake si ruhusa. Zaidi ya hapo unajiumiza mwenyewe, juu fomu za basari hubadilishwa, wewe unabaki umeweka ya mwaka jana na mzazi kutoka Ahero anajaza karatasi ambayo itakataliwa. Weka linki ya ukurasa wa kaunti wenyewe, wakibadilisha faili imebadilika na kwako.

Ya pili ni kuvuta picha kutoka seva ya mtu, yaani ile kompyuta inayohifadhi saiti yake. Hii wengi hawajui hata kama wanaifanya. Unabofya picha kwa muda mrefu, unakopi anwani ya picha, unaipesti kwa saiti yako, picha inatokea vizuri, unafurahi. Kumbe kila mgeni wako akifungua ukurasa, picha inatoka kwa seva ya mwenyewe, yeye ndiye analipia data inayotumika, wewe ndiye unasifiwa. Nimewahi kufanya hii nikiwa mgeni kwa kazi na nilijuta. Nilivuta picha ya samaki wa kukaanga, tilapia safi na ugali kando, kutoka hoteli moja ya mbali nikidhani hawatajua. Wakajua. Hawakuniandikia barua, hawakupiga simu, walibadilisha tu hiyo picha kwa seva yao jina la faili likabaki lile lile, na asubuhi mteja wangu akafungua saiti yake mpya mbele ya mgeni wake akakuta maandishi makubwa mekundu MWIZI WA PICHA mahali samaki alikuwa. Nilitoa hiyo picha nikiwa kwa matatu, simu iko asilimia nne. Tangu hiyo siku napiga picha zangu mwenyewe.

Ya tatu ni fremu, unafungua dirisha ndani ya ukurasa wako na saiti ya mtu inaonekana humo ndani kama ni yako. Huko Marekani magazeti kadhaa likiwemo Washington Post yalishtaki kampuni ya TotalNews 1997 juu ya mchezo kama huu, saiti za magazeti zikionekana ndani ya fremu iliyozungukwa na matangazo ya hao wengine, na ile kesi iliisha kwa makubaliano, TotalNews wakaacha fremu wakabaki na linki za kawaida. Siku hizi saiti nyingi zimefunga huo mlango kwa kodi (code, yale maandishi ya ndani yanayoendesha saiti, si kodi ya nyumba), ukijaribu unaona tu boksi jeupe. Ukiona boksi jeupe usitafute njia ya kuzunguka, mwenyewe amesema hapana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema Machi 2021 kwamba kama mwenye kazi amekubali itumike akiweka kizuizi cha fremu, anayekiruka anahitaji ruhusa. Sisi si Ulaya, lakini maana inaeleweka.

Video za YouTube ni tofauti kidogo, maana wao wenyewe wametoa kodi ya kupachika na mwenye video anaweza kuizima akitaka. Ukitumia hiyo kodi yao, na video ni ya aliyeipandisha kihalali, uko sawa. Kupakua video na kuipandisha upya kwa ukurasa wako ni ile ya kwanza tena, kubeba. Ramani ni vivyo hivyo, tumia kodi wanayotoa wenyewe, usipige skrinishoti.

Hatua ya 2: angalia kama unaelekeza watu kwa mali halali

Kunyoosha kidole si kosa, lakini kumnyooshea mtu duka la vitu vya wizi ukijua ni vya wizi ni maneno mengine. Ulaya walipita hapa kwa kesi mbili nzuri kuzijua. Februari 2014, kesi ya Svensson kutoka Uswidi, waandishi wa habari walilalamika kwamba kampuni inaweka linki za makala zao, mahakama ikasema kama makala iko wazi kwa kila mtu, linki haihitaji ruhusa, kwa sababu hakuna watu wapya wamefikiwa, kila mtu angeweza kuifungua tangu mwanzo. Halafu Septemba 2016 ikaja ya GS Media kutoka Uholanzi, saiti iliweka linki za picha za gazeti la Playboy zilizovuja kabla hazijachapishwa, na waliambiwa watoe wakakataa. Hapo mahakama ikasema ukijua kazi imewekwa bila idhini, au ukiwa unaweka hizo linki kutafuta pesa, maana hapo inachukuliwa ulijua mpaka uonyeshe vingine, basi linki yako yenyewe ni kosa.

Kwetu hapa mfano wa karibu ni mpira. Wikendi za Ligi Kuu ya Uingereza kila grupu ya WhatsApp Kondele mpaka Bondo iko na mtu anatupa linki ya kutazama mechi bure. Hizo saiti zimeshafika kotini: MultiChoice, wale wa DStv, walienda Mahakama Kuu dhidi ya kampuni za intaneti za Safaricom na Jamii Telecommunications, na 2022 mahakama ikaamuru saiti 44 zifungwe. Sasa ukiwa na saiti ya kibanda chako cha kuonyesha mpira halafu uweke hizo linki ndio watu waje, usiniambie hukujua. Hiyo toa leo.

Ya kulipia pia ni vivyo hivyo. Kuweka linki ya makala ya gazeti iliyofungwa ni sawa, msomaji akifika atalipa ama atarudi. Kuweka linki ya njia ya kupenya bila kulipa si sawa, na ile kesi ya Svensson ilisema wazi kwamba kuruka kizuizi ni jambo tofauti.

Hatua ya 3: hiyo faili ilikusudiwa kila mtu?

Hii nataka uisome mara mbili. Faili za Google Drive na linki za kujiunga na grupu ziko hivi: zinafunguka kwa yeyote aliye na anwani, lakini haimaanishi mwenyewe alitaka dunia nzima ifike. Mwaka fulani nilitumiwa faili ya wanafunzi waliopata basari sehemu moja huku kwetu, iko na majina, namba za kitambulisho, namba za simu za wazazi, hata sababu ya mtoto kusaidiwa, yatima huyu, mama mgonjwa yule, na nikaombwa niiweke kwa saiti ya kikundi ndio watu wajitafute. Nilikataa. Linki hapo ndio inafungulia kila mtu siri za watoto, na tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Nilichofanya ni kuandika tu "orodha imetoka, nenda ofisi ya wadi ukiwa na kitambulisho."

Kipimo changu: kama ukurasa unapatikana kwa kutafuta kawaida Google na mwenyewe ameuweka kwa saiti yake, uko wazi. Kama ulitumiwa kwa DM, yaani ujumbe wa faragha, ama kwa grupu, muulize aliyekutumia kwanza.

Hatua ya 4: yale masharti ya chini kabisa

Kuna saiti zimeandika huko chini, herufi ndogo, "ni marufuku kuweka linki ya saiti hii bila idhini ya maandishi." Watu huogopa sana hii. Shirika la redio la NPR la Marekani liliwahi kuwa na fomu ya kuomba ruhusa ya linki, 2002 watu wakagundua wakawacheka mpaka wakaibadilisha. Kusoma tu ukurasa wa mtu hakukufungi kwa kila alichoandika pembeni. Lakini kama umefungua akaunti kwao, ukabonyeza "nakubali", huo ni mkataba na umeingia wewe mwenyewe, basi soma unachokubali, hasa kama linki zako ni za biashara.

Ingine inayofanana na hii: "wekeni linki ya ukurasa wa mbele pekee, msiruke ndani." Hapana. Linki ya ndani ni linki kama zingine na kwa msomaji ndio ya maana, mtu anatafuta fomu hatafuti picha ya mkurugenzi akikata keki. Skotlandi mwaka 1996 gazeti la Shetland Times lilipata amri ya muda kuzuia Shetland News kuruka moja kwa moja mpaka kwa habari zao, wakaelewana 1997 kabla kesi haijaamuliwa kabisa. Lakini mwaka 2000 huko California, Ticketmaster walipolalamika juu ya Tickets.com, jaji alisema linki yenyewe hainakili chochote, akaifananisha na kadi za katalogi za maktaba, zinakuonyesha kitabu kiko rafu gani. Ukijumlisha na Svensson unaona upepo ulielekea wapi.

Hatua ya 5: maneno unayoweka karibu na linki

Linki inaweza kuwa safi lakini sentensi iliyoibeba ikakuponza. Ukiandika "angalia huyu mwizi wa pesa za sako" halafu uweke linki ya habari, mashtaka ya kuchafuliana jina yatakufuata wewe kwa maneno yako, si kwa linki. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema hivyo 2011 kwa kesi ya Crookes na Newton, kwamba linki peke yake si kuchapisha kashfa, lakini ukirudia kashfa yenyewe kwa maneno yako umechapisha. Uamuzi wa Kanada haufungi majaji wetu, wanaweza tu kuuangalia. Andika kilicho huko, bila pilipili: "Habari ya gazeti kuhusu uchaguzi wa sako, Mei."

Na usiweke nembo za watu. Yule mama alikuwa anataka nembo ya kampuni moja kubwa ya utalii chini ya neno "washirika wetu" juu waliwahi kumletea wageni mara mbili. Wageni mara mbili si ushirika, mama. Tukaandika jina lao kwa maandishi ya kawaida na linki, bila nembo, bila hilo neno.

Hatua ya 6: pesa

Kama mtu amekulipa uweke linki yake, hata kama ni mia tano kwa M-Pesa, sema kwa ukurasa kwamba ni tangazo, na kwa kodi ya linki uongeze rel="sponsored", alama ya kuwaambia Google kwamba linki hii imelipiwa. Google walileta hiyo alama 2019, kabla ya hapo kulikuwa na alama nyingine, nofollow, tangu 2005. Usipoweka na wakagundua unauza linki, saiti yako inaweza kushushwa huko chini kwa utafutaji. Kampuni za kamari hupenda sana kuandikia saiti za shule na makanisa wakitaka hii kitu, mimi huwa sijibu hata.

Hatua ya 7: rudi uangalie

Linki hufa. Kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kufa ni afadhali, mbaya ni kufufuka: mwenye saiti anasahau kulipia jina, mtu mwingine analinunua, na linki ya shirika la maji kwa saiti ya kanisa sasa inafungua kamari. Imenitokea, mzee wa kanisa ndiye aliniambia, kwa upole ambao sikustahili. Kila miezi mitatu bofya linki zako zote, zikiwa nyingi kuna programu za bure za kukagua.

Wakati ruhusa inatakikana, omba hivi

Picha, faili, makala nzima, hizo unaomba. Barua fupi inatosha:

"Habari zenu. Natengeneza saiti ya hoteli moja Dunga, Kisumu. Naomba kutumia picha yenu ya mashua iliyo kwenye ukurasa huu [anwani]. Itakaa ukurasa wa wageni pekee, jina lenu litaandikwa chini yake pamoja na linki ya kwenu. Kama kuna malipo, tafadhali niambieni kiasi."

Wakinyamaza, hiyo ni hapana. Kunyamaza si ruhusa hata ukingoja mwezi mzima. Ya linki ya kawaida usiombe, ukianza kuomba utaomba milele, lakini kuwaambia "tumeweka linki yenu" ni adabu nzuri na mara nyingi wanarudisha mkono.

Na ukiandikiwa utoe

Usipanike, na usitoe kila kitu usiku huo huo. Soma wanalalamikia nini hasa. Kama kweli umebeba picha ama faili, toa, omba msamaha, maliza. Kama ni linki ya kitu kilichoibwa na sasa umeambiwa, toa pia, juu kuanzia hapo huwezi kusema hukujua. Wakiamua kupeleka ilani rasmi kwa kampuni inayohifadhi saiti yako, yale marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yanaipa masaa 48 ya kazi kukizima hicho kitu isipokuwa ulete pingamizi lako, kwa hivyo imeili ya saiti usome kila siku, si kila Krismasi.

Lakini kama ni linki tu, jibu kwa heshima. Chuo kimoja kiliwahi kuniandikia barua yenye muhuri, ati nimeweka linki ya karatasi yao ya karo kwa saiti ya vijana bila idhini, nitoe ama nione. Nilijibu hivi:

"Nimepokea barua yenu. Kwenye ukurasa wetu kuna linki pekee, inayompeleka msomaji kwenye saiti yenu wenyewe. Hatujanakili faili. Kama kuna neno tuliloandika ambalo si sahihi, tuonyesheni tutalirekebisha leo."

Hawakujibu. Wiki tatu baadaye wakahamisha hiyo faili, linki ikafa, na watoto wakaanza kunipigia mimi simu kuniuliza karo ni ngapi.